Fimbo Yangu Haikujua Kufuata

Siku ile ya kupura mpunga ukweni, kule Msangano, bado inanichemsha damu, mwanangu, kana kwamba vumbi lake halijatoka kwenye nyusi zangu. Kila nikiisimulia, mke wangu huniambia, "Baba Anna, punguza sauti, majirani wamelala." Lakini majirani hawajalala, ni saa kumi za jioni, na wao pia wanaipenda habari hii. Basi kaa vizuri, nawe uisikie.

Kwanza nijitambulishe, maana nasaha ya mtu usiyemjua ni kama dawa uliyouziwa sokoni bila karatasi. Mimi ni mtoto wa mkulima wa kahawa wa Ihanda. Nilivuka mpaka na begi moja la nguo, nikafanya kazi Kitwe, nikasoma jioni baada ya kazi huku wenzangu wakienda kutazama mpira, mpaka nikapata stashahada ya ufundi mitambo. Wengi wa rika langu walivuka mpaka. Tuliorudi na stashahada tunaweza kukaa wote kwenye kigoda kimoja na nafasi ikabaki. Mashine za kukoboa mpunga unazozisikia zikinguruma ukishuka kutoka stendi ya Tunduma, ni zangu, na hakuna mtu aliyenipa hata nati moja. Sisemi haya kwa majivuno. Haya, kidogo ni kwa majivuno. Mcheza kwao hutunzwa.

Lakini siku hiyo ya Msangano sikuwa na stashahada wala nati. Nilikuwa kijana mwenye posa iliyokubaliwa na siku ya ndoa isiyojulikana.

Jelita nilimwona kwa mara ya kwanza mnadani, akiwa amekuja na shangazi yake kuuza mchele. Sitakuchosha na mambo ya mnadani. Wazazi wangu walipeleka posa, ikapokelewa, na nilipouliza siku ya ndoa, baba mkwe akajibu neno moja tu: "Tutaongea baada ya mpunga." Kwa watu wa kule jibu hilo halihitaji mkalimani. Kijana anayetaka kuoa huenda na wenzake kufanya kazi siku nzima kwa baba mkwe. Hakuna anayekuambia kwamba unapimwa. Wanakupa fimbo, wanakukaribisha kazini, halafu kijiji kizima kinakuja kukutazama kana kwamba kilikuwa kinapita tu.

Sasa sikiliza kosa ambalo mtu wa Ihanda peke yake ndiye anaweza kulifanya. Sisi ni watu wa kahawa, na kahawa humficha mtu. Kila mchumaji ana mti wake na kikapu chake. Ukichuma haraka ni haraka yako, ukichuma polepole ni polepole yako. Nilikuwa nimekua nikiwa mchumaji hodari, na nikaamini kwamba mtu hodari shambani kwao ni hodari shamba lolote. Kweli nilijua jambo moja juu yangu tangu utotoni: kanisani watu wakipiga makofi, ya kwangu yalianguka mahali ambapo hapakuwa na kofi la mtu mwingine. Mama alikuwa akinishika mikono yote miwili, si kwa upendo, ila kwa kuwa wanakwaya walikuwa wakipotea njia. Lakini niliona hilo ni jambo la kanisani. Sikujua kwamba kuna kazi za shamba zinazofanywa kwa makofi.

Kupura mpunga kwa fimbo ndiyo kazi hiyo. Siku hizi mashine hupura, na hata baadhi ya vijana wa Momba, upande huo wa Msangano, hawajawahi kuiona. Watu walisimama mistari miwili wakitazamana, masuke yakiwa yamelazwa katikati. Mstari huu ukiteremsha fimbo, ule unainua. Huu ukiinua, ule unateremsha. Mmoja anaimba na wote wanamjibu kwa fimbo. Ukiwahi au ukichelewa, fimbo yako inakutana na ya mwenzako hewani, na siku mbaya inakutana na vidole vyake.

Tulifika asubuhi, mimi na vijana wanne wa kwetu. Baba mkwe alitupokea akiwa kwenye kigoda chake. "Mkwe, karibu," aliniambia, na hilo neno mkwe lilinipa nguvu ya kubeba lori. Mama mkwe sikumwona. Kwa heshima alibaki upande wa jikoni, nami nikageuza uso kila nilipopita huko. Aliyetukabidhi fimbo ni Elia, kaka yake Jelita. Alikuwa kijana mrefu ambaye hata akitembea kwenda kisimani ungedhani kuna ngoma mahali. Hakuna wimbo uliompita. Ukigonga sufuria, bega lake linajibu.

"Shemeji," alisema akinikabidhi fimbo, "huko kwenu kahawa mnapura na nini? Na kijiko?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nilikuwa na sababu ya kucheka, kwa sababu kazi ilikuwa haijaanza.

Elia akatoa wimbo. Mistari ikapokea. Fimbo yangu ikashuka, ikakutana na ya Elia katikati ya hewa kwa mlio ambao nausikia mpaka leo. Tukaanza tena. Ikakutana nayo tena.

"Shemeji, mimi si mpunga," alisema Elia.

Rafiki yangu aliyesimama kando yangu akaninong'oneza, "Msikilize anayeimba."

"Namsikiliza."

"Basi acha kumsikiliza. Nitazame mimi."

Nikamtazama yeye, nikampiga wa mbele. Nikafumba macho, na wa mbele akaruka nyuma kabla sijampiga. Ninataka ulielewe jambo hili, mwanangu, maana watu wengi hawalielewi: wimbo nilikuwa nausikia. Sikuwa kiziwi. Nyimbo nazipenda, na za mazishi hunitoa machozi kabla ya waliofiwa. Lakini kati ya sikio langu na mkono wangu kuna mto usio na kivuko. Wimbo unafika ukingoni, unasimama hapo, unapunga mkono.

Watoto walikuwa wameacha mchezo wao ili wanitazame. Wanawake waliokuwa wakipeta walijifunika midomo kwa khanga. Ndipo baba mkwe akasema, bila kupandisha sauti, "Mpeni mgeni nafasi apumzike."

Mgeni. Asubuhi nilikuwa mkwe. Jua lilikuwa halijafika utosini na nilikuwa nimeshakuwa mgeni, na mgeni haozwi binti wa mtu. Nikatoka mstarini. Jelita alikuwa anapita na kibuyu cha togwa cha wafanyakazi. Hakuniinulia macho, maana watu walikuwa wakitazama, lakini alikiweka kibuyu karibu na mguu wangu kwa muda mrefu kuliko kibuyu kinavyohitaji, akasema chini ya pumzi, "Usiondoke."

Sikuondoka. Lakini kukaa sikuweza pia, maana mimi si mtu wa kukaa; waulize wa Kitwe. Pembeni, karibu na wapetaji, kulikuwa na miganda iliyosahauliwa. Nikaivuta, nikaanza kuipura peke yangu. Hapo sikuwa na wa kumfuata. Fimbo ikashuka, ikapanda, ikashuka, kwa mwendo ule ule ninaotembea nao, ule ule niliokuwa nikitafunia muwa nikiwa mtoto. Punje zikaruka vizuri. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Aliyekuwa akipeta karibu yangu ni Shangazi Naomi, dada yake baba mkwe, mwanamke mdogo wa umbo, ambaye watu wazima walimwogopa kuliko mwenyekiti wa kijiji. Alipeta ungo baada ya ungo. Kisha akasimamisha ungo.

"Mkwe," alisema. Nikageuka kuona kama kuna mkwe mwingine. "Unajua unanichezesha?"

"Samahani, shangazi."

"Sikukuambia uombe samahani. Tangu umeanza, ungo wangu unakwenda na fimbo yako, nami sikuutuma. Mbuzi amekatiza hapa, watoto wamelia, Elia amebadilisha wimbo na kuubadilisha tena. Fimbo yako haikushtuka hata kidogo. Unaizuia vipi isishtuke?"

"Sizuii kitu, shangazi. Mkono hausikii."

Akanitazama kama mtu anayetazama mbegu asiyoijua. Kisha akageuka kuitazama mistari, nami nikatazama alikotazama.

Mistari ilikuwa matatizoni. Elia, kama nilivyokuambia, hakuna kilichompita sikioni, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yake. Msichana akipiga kigelegele, anaongeza mwendo. Mtu akimsifia, anaongeza tena. Baada ya kuongeza hivyo mara kadhaa wimbo ulikuwa unakimbia kama ng'ombe aliyechomwa na nyigu, na mikono ya watu ilikuwa haifiki. Ngoma ikilia sana hupasuka. Na ikapasuka: fimbo ya mmoja ikampata rafiki yangu kwenye vidole, akaitupa yake na kujikunja akikumbatia mkono. Kazi ikasimama. Rundo kubwa lilikuwa bado, jua limeshaanza kuinama, na wote walikuwa wanahema.

Shangazi Naomi aliweka ungo chini, akaingia katikati ya mistari.

"Elia, wewe unaweza kumfuata mtu gani?"

"Yeyote, shangazi," alisema Elia akijifuta jasho. "Hata kuku."

"Vizuri. Mfuate mkwe."

Watu wakacheka, kisha wakaacha, kwa sababu yeye hakucheka.

"Shangazi, huyu hana mdundo."

"Anao. Hana wa kwako tu. Asubuhi mmemlazimisha awafuate, hawezi, yamekwisha. Ninyi wote mnaweza kufuata. Sasa nani hapa ana sababu ya kuhangaika, asiyeweza au anayeweza? Mkwe, simama mwanzo wa mstari. Usimtazame mtu. Pura kama ulivyokuwa unapura pale. Na nyie msiimbe kwanza."

Nikasimama mwanzo wa mstari. Nikateremsha fimbo. Nikainua. Nikateremsha. Nikasikia upande wa pili kimya, watu wakinitafuta kama mtu anavyotafuta mlango gizani kwa viganja. Kisha fimbo moja ikajibu. Kisha mbili pamoja. Moja iligonga yangu, nyingine ikagonga, halafu hakuna kilichogongana tena. Nikainua, wao chini. Nikateremsha, wao juu. Mwanangu, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa ndani ya mdundo na watu wengine. Nywele zilinisimama, na nikieleza sasa zinasimama tena, zitazame.

Elia ndiye aliyekuja mwisho. Alikuwa amenuna, lakini mwili wake haukuweza kununa. Mdundo ulipomwingia mabegani, akatabasamu bila ruhusa yake mwenyewe, na akatoa wimbo, mpya, mzito, akaulaza juu ya fimbo yangu kama mtu anavyolaza mkeka sakafuni. Watu wakaitikia. Wapetaji wakaitikia kwa ungo. Vigelegele vikatoka na mwendo haukukimbia, kwa sababu aliyeushika alikuwa mtu ambaye kigelegele hakijui njia ya kumfikia mkononi. Vumbi likapanda mpaka tukawa hatuonani vizuri, na fimbo hazikugongana. Watu waliokuwa wakipita tu wakaacha kupita, wakaokota fimbo, wakaingia. Rundo likashuka, likawa kichuguu, likawa mkeka, likaisha jua likiwa bado lina rangi.

Baba mkwe aliinuka kwenye kigoda chake. Akachota punje kiganjani, akazipuliza, akazitazama.

"Mkwe," alisema, "mpunga umekwisha. Njoo tuongee."

Siku ya ndoa ilitajwa jioni ile ile, kabla hatujanawa mikono.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu, nami ningebaki mtu wa kuvumilika. Lakini tulipokaa kula, wali na samaki wa Rukwa, nikaanza kuwa mimi. Nikawaambia wenzangu kwa sauti ya kufika mbali kwamba watu wa mpunga walikuwa wamekosa kiongozi, wakamngoja aje kutoka kwenye kahawa. Nikasema nimewaongoza wote, akiwemo Elia mwenyewe. Elia akacheka tu, akaniongezea samaki. Shangazi Naomi alikuwa anapita na maji ya kunawa. Akasimama.

"Mkwe, nikuulize. Sisi leo tumepura na Elia asubuhi, tumepura na wewe jioni. Kesho akija mwingine, tutapura naye. Wewe ungepura na nani?"

Nikachukua tonge jingine.

"Wewe ulikuwa jiwe, sisi tulikuwa maji. Jiwe ni kitu kizuri, mtu anavukia mto juu yake. Lakini leo aliyezunguka ni maji. Kula, usimwonee Elia. Hakuna aliyefanya kazi ngumu kuliko yeye, kuuacha mwendo wake mwenyewe na kuushika wa mtu ambaye yeye mwenyewe alimcheka asubuhi."

Akanimwagia maji mikononi na kwenda zake. Samaki yule nilimmaliza hata hivyo, maana alikuwa mtamu.

Maneno hayo niliyabeba Kitwe, niliyabeba darasani, nimerudi nayo. Na kwa sababu mimi ni mtu wa macho makali, nimeona mengi ambayo Shangazi hakuyasema. Karakanani kwangu tukiinua mashine kwa pamoja, kuna kijana anayekwenda na sauti yangu ya "twende" na mwingine ambaye ni lazima aone kifua cha mwenzake kikipanda. Yupo mmoja, fundi mzuri sana, ambaye asipoguswa bega atainua wakati wengine wanashusha. Wapo wanaoushika mdundo wowote mara moja na kuupoteza mara moja. Wapo wanaoushika polepole, na wakishaushika hata radi haiwatoi. Nilipokuwa mwanafunzi nilidhani watu ni wa aina mbili, wanaojua kucheza na wasiojua. Huo ni uvivu wa macho. Miili imeumbwa na masikio yaliyofungwa mahali tofauti: huyu puani, huyu nyayoni, huyu machoni. Mimi la kwangu nadhani lilisahaulika kufungwa.

Mjukuu wangu Neema ameirithi hali hii. Juzi amerudi kutoka mazoezi ya kwaya ameambiwa asimame nyuma, aimbe tu, asicheze. Alikuwa analia. Nami, Mungu anisamehe, niliruka kwa furaha, kwa sababu kwa miaka yote hii nimekuwa peke yangu katika ukoo. Nikavaa koti langu, nikaenda naye kwa mwalimu wa kwaya, kijana mpole, nikamweleza habari ya Msangano kuanzia mnadani. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo tayari ni sifa. Nikamwambia, kile kinanda chako cha umeme kinapiga mdundo wake na hakimsubiri mtu. Mashine haijui kujipinda, nazijua mashine, ninazo. Kizime kwa wimbo mmoja tu, Neema aanze kwa miguu yake, wengine wajiunge naye. Amekubali kujaribu Jumamosi. Nyimbo nyingine zote Neema atasimama nyuma na kuimba, na hakuna aibu ndani yake. Nimemwambia hivyo pia, na ameniuliza kama mimi ningekubali kusimama nyuma. Mtoto ana ulimi.

Sasa nifikie nilichotaka kukuambia. Ukienda kanisani kwetu utaniona, benchi la mbele, koti la kijivu, nikipiga makofi yangu mahali pasipo na kofi la mtu. Waumini wamenizoea. Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku hizi nimeboreka, kwa sababu nilikuwa nasikia kofi jingine likianguka pamoja na langu, sawasawa kabisa, safi. Nikajisifu kwa Jelita. Yeye akaendelea kukunja khanga. Ni hivi karibuni tu nilipogeuza shingo katikati ya wimbo na kumtazama mikono. Jelita, ambaye ni dada wa Elia, watu ambao mdundo uko katika damu yao kama chumvi katika maji ya bahari, alikuwa ameliacha kanisa zima na kinanda chake, na alikuwa anapiga makofi na mimi. Hakuwa ameanza siku hiyo.

Kwa hiyo shika haya, mwanangu. Kama mwili wako haujui kufuata, usijiite mbovu na usikimbie uwanja. Tafuta mwendo wako, uutunze uwe imara, maana iko siku watu watahitaji kitu kisichotikisika. Kama mwili wako unajua kufuata kila kitu, usimcheke asiyejua. Umepewa kipaji cha kujipinda, jipinde. Na ukiwa umefika mbali, una stashahada ukutani na mashine zinanguruma, geuza shingo mara moja utazame nani amekuwa akipiga makofi nawe. Mimi nimechelewa kugeuza. Wewe wahi.

Mungu akupe mkono usioyumba na mtu wa kuusindikiza. Akujalie nyumba ambayo ndani yake mmoja akianza, mwingine anajibu. Na siku ukienda ukweni, mpunga wao uishe jua likiwa bado lina rangi.